Kwa Nini Lita 15? Historia ya Maji, Choo na Familia Kambini

Kuna namba ambazo kila anayeishi kambini anazijua kwa mwili wake, hata kama hajawahi kuambiwa zimetoka wapi. Lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku. Choo kimoja kwa watu 20. Bomba moja kwa watu 250, na lisiwe mbali na nyumba zaidi ya mita 500. Wafanyakazi wa mashirika wanazo kwenye makaratasi yao. Sisi tunazo kwenye foleni ya asubuhi, vidumu vimepangwa chini na mtu anauliza nani wa mwisho.

Namba hizi hazikushuka mbinguni. Zina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya ukanda wetu huu wa Maziwa Makuu. Naiandika kwa sababu kila ugonjwa wa kuhara unapoingia kambini, maneno ni yale yale: eti watu ni wachafu, eti hawasikii mafundisho ya usafi. Hebu tuangalie historia inasema nini juu ya hilo.

Tuanze na Kagunga, maana wengi wetu wanaikumbuka. Kagunga ni kijiji cha wavuvi kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, mkoa wa Kigoma, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Mbele ni maji, nyuma ni milima mikali. Wakati ule barabara ya gari haikuwepo. Ulifika kwa miguu au kwa chombo. Baada ya vurugu zilizoanza Burundi Aprili 2015, makumi ya maelfu ya watu walijikuta wamebanwa kwenye kipande hicho cha mchanga. Meli ya zamani, MV Liemba, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuwa ikibeba kama watu 600 kwa safari moja kuwapeleka Kigoma mjini, na kutoka hapo mabasi ya kwenda Nyarugusu. Hesabu mwenyewe safari zilizohitajika. Waliobaki nyuma walikuwa wanalala nje, wanakunywa maji ya ziwa, na kujisaidia walipoweza, maana vyoo vya kijiji havikujengwa kwa umati ule.

Kipindupindu kikaingia. Kufikia mwishoni mwa Mei, wagonjwa walikuwa kama 3,000 na waliokufa 31, wawili kati yao Watanzania wenyeji. Hao wawili tusiwasahau. Mdudu wa kipindupindu haulizi kadi ya ukimbizi. Na waliougua hawakuwa watu waliokuwa wachafu walipokuwa makwao. Ni wakulima, walimu, mama wa nyumbani, ambao wiki chache nyuma walikuwa na choo chao na kisima chao. Kilichobadilika ni mahali walipokuwa. Watu ni wale wale.

Sasa turudi nyuma miaka 21, Goma, Julai 1994. Hapo ndipo hizo namba zilipopata uzito wake.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, na baada ya serikali iliyoyaendesha kushindwa vita, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kuingia Kivu Kaskazini, Zaire ya wakati ule, kwa muda wa siku chache tu. Ndani ya umati ule walikuwamo waliopanga mauaji na walioua. Walikuwamo pia watoto, wazee, na watu waliosombwa na mkondo. Ni historia nzito na hatuwezi kuisema nusu.

Goma imekaa chini ya volkano. Ardhi yake sehemu nyingi ni mwamba mweusi wa lava iliyoganda, mgumu kama chuma. Ukitaka kuchimba choo, jembe linaruka. Ukitaka kuchimba kaburi, ni hivyo hivyo. Wanajeshi wa Ufaransa ilibidi watumie tingatinga. Watu waliokuwa karibu na mji walichota Ziwa Kivu. Wengine walipelekwa kambi ya Kibumba, kaskazini, kwenye mwamba ule ule, ambako chanzo cha maji hakipo, maji yakawa ya kuletwa na malori. Kwa hiyo huku huna pa kuchimba choo, na kule maji unayokunywa ni yale ambayo maelfu wameoga na kujisaidia kandokando yake.

Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Wengi waliuawa na magonjwa mawili: kipindupindu kwanza, halafu kuhara damu. Wataalamu wa afya wanasema kambi iko kwenye dharura pale kifo kinapozidi mtu 1 kwa kila watu 10,000 kwa siku. Goma ilikuwa kati ya 20 na 35. Dawa nyingi za kawaida hazikufua dafu, vijidudu vilikuwa vimezizoea. Kufikia mwezi wa pili, maji yalipoanza kufika na kazi kupangwa kwa pamoja, vifo vilishuka hadi kati ya 5 na 8. Bado vilikuwa vingi mno, lakini ona kilichovishusha. Katika wiki chache hizo tabia za watu hazikuwa zimegeuka. Kilichoongezeka ni maji safi, na watoaji misaada walianza kufuata takwimu za kila siku kujua wapi pameharibika.

Kuna jambo la pili kuhusu Goma, na hili halizungumzwi sana. Wiki ya tatu hivi, wataalamu walipima watoto wadogo. Kati ya 18 na 23 katika kila 100 walikuwa na utapiamlo mkali. Walipoangalia ni watoto gani, wakaona makundi mawili yamezidi: waliokuwa wametoka kuugua kuhara damu, na watoto wa kaya zinazoongozwa na wanawake.

Kwa nini kaya za wanawake? Chakula kilikuwa kinapitia kwa viongozi. Viongozi wenyewe wengi ndio wale wale waliokuwa na madaraka Rwanda, baadhi yao na damu mikononi, na walikigawa kwa walio wao na wenye nguvu. Mjane mwenye watoto wanne hana mwanaume wa kusukumana kwenye mgawo. Akienda kupanga foleni ya maji, nani anabaki na mtoto anayeharisha? Akibaki na mtoto, nani analeta maji? Hali ya kambi zile ilifikia pabaya hadi tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka likaondoka Zaire Novemba 1994, likisema misaada inawalisha wauaji.

Basi hapo tunaona kwamba afya ya kambi haikai kwenye maji peke yake. Maji yale yale, mgawo ule ule, vinafika tofauti kulingana na familia ilivyo. Mazingira yanaleta ugonjwa kambini, na hali ya familia inaamua utapiga nani zaidi.

Goma iliwauma hata watu wa misaada. Mwaka 1996 ilitoka tathmini kubwa ya pamoja juu ya misaada ya Rwanda, na ilisema wazi kwamba baadhi ya mashirika hayakujua kazi yake, na kwamba kuna waliokufa ambao wangeweza kuokolewa. Mwaka uliofuata, 1997, mashirika pamoja na jumuiya ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu wakaanzisha mradi wa Sphere, kuweka viwango vya chini ambavyo mtu yeyote aliyekumbwa na janga anastahili. Ndipo hizo namba zikaandikwa pamoja kwenye kitabu kimoja: lita 15, choo kwa watu 20, bomba kwa watu 250. UNHCR nayo, dharura ikishapita, inalenga lita 20. Kwa hiyo mkazi anayeuliza kwa nini maji yamepungua hasumbui mtu. Anauliza juu ya kiwango kilicholipiwa kwa maisha ya watu Goma.

Lakini tusiishie bombani. Mwaka 1993, kambi ya Nyamithuthu nchini Malawi, palipokaa wakimbizi wa Msumbiji, watafiti walijiuliza swali dogo: maji yanatoka kisimani safi, mbona watoto bado wanaharisha? Kumbe yalikuwa yanachafuka njiani na nyumbani. Mtu anakinga ndoo, mkono unagusa maji. Nyumbani kila mmoja anachovya kikombe, vidole vinaingia. Wakatoa ndoo zenye mfuniko na mdomo wa kumiminia, mkono usiweze kuingia. Walifuatiliwa watu 1,160, na 310 kati yao walikuwa kwenye kaya zenye ndoo hizo. Uchafu wa kinyesi kwenye maji yao ulishuka kwa 69%. Kuhara kwa watoto chini ya miaka mitano kulikuwa pungufu kwa 31%, ingawa idadi yao haikuwa kubwa kiasi cha kumaliza ubishi. Katika kambi hiyo hiyo ilionekana pia kwamba kaya ikiwa na sabuni ndani, kuhara kunapungua kwa 27%. Zingatia maneno hayo: ikiwa na sabuni ndani. Mama aliyefundishwa kunawa mara kumi na hana kipande cha sabuni, atanawa na nini?

Mfano mwingine ni Kakuma, Kenya, mwaka 2005. Kuanzia Aprili kipindupindu kilipeleka watu 418 hospitali, wakafa 4. Walipolinganisha waliougua na majirani zao ambao hawakuugua, mambo matatu yalijitokeza. Waliotunza maji ya kunywa kwenye vyombo vilivyofunikwa, hatari yao ilikuwa kama nusu. Waliochangia choo na kaya tatu au zaidi, hatari yao ilikuwa mara mbili. Na waliofika kambini karibuni, kuanzia Novemba 2004, hatari yao ilizidi mara nne. Mgeni ndiye aliyeumia zaidi. Kwenye bloku zetu mgeni ni yule ambaye bado hajapata kidumu cha pili wala hajachimba choo chake, na hana jirani wa kumwazima.

Familia basi si mzigo tu katika hadithi hii. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, mamilioni walikimbilia India. Kwenye mji wa Bangaon, karibu na mpaka, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa na wagonjwa wa kipindupindu wamelala sakafuni na dripu zimekwisha. Akaamua kuchanganya sukari ya glukosi, chumvi na magadi ya kuokea kwenye maji safi, akawapa ndugu wa wagonjwa vikombe wawanyweshe. Ndugu, mama, kaka, ndio wakawa wauguzi. Pale ambapo vifo vilikuwa kama 30 kwa kila wagonjwa 100, kwa waliopewa maji yale vilishuka mpaka chini ya 4. Ile pakiti ya ORS unayopewa zahanati ilithibitisha nguvu yake kambini, mikononi mwa wakimbizi wenyewe, wakati wakubwa wengi wa udaktari walikuwa bado hawaamini kwamba mtu asiyesoma anaweza kuitumia.

Tukiviweka hivi vyote pamoja, nina neno kwa pande zote mbili. Kwa wenzetu wa mashirika: mafundisho ya usafi ni mazuri, tunayahitaji, lakini yaje na sabuni, ndoo yenye mfuniko na choo kisichochangiwa na nusu ya bloku. Mkihesabu maji, msigawanye tu lita kwa idadi ya watu. Ulizeni pia nani hafiki bombani. Ulizeni kwa wajane, kwa wazee wanaolea wajukuu, kwa watoto wanaoishi peke yao, na kwa waliofika juzi.

Kwa sisi wakazi: kufunika maji hakungoji mradi. Sahani safi juu ya ndoo inatosha, na kikombe cha kuchotea kiwe kimoja, chenye mshikio, kisitumike kunywea. Na mtoto akianza kuharisha maji maji, usisubiri kesho. Mnyweshe ORS kidogo kidogo huku unampeleka zahanati, na kama mama yake yuko peke yake, jirani mmoja abaki na wale wengine. Familia mpya ikipewa kiwanja kwenye bloku yenu, waazimeni jembe na kidumu siku hiyo hiyo, maana choo wasichokuwa nacho wao ni ugonjwa wetu sote.