Mto Kagera: kwa nini meli haipiti Rusumo

Wadau wa Ngara na Biharamulo, mmeshawahi kujiuliza kwa nini mto mkubwa kama Kagera hauna meli hapa kwetu? Maji haya haya yanaingia Ziwa Victoria, yanatokea Jinja yakiitwa Nile, yanafika mpaka Misri. Kule Esna wana lango la meli: chombo kinaingia kwenye chumba cha zege, milango inafungwa, maji yanajazwa taratibu, chombo kinapanda mpaka usawa wa juu na safari inaendelea. Rusumo mto unaporomoka kwenye mwamba, na lango la namna hiyo halipo.

Ndiyo maana historia ya hapa si ya kusafiri na mto, ni ya kuuvuka. Ofisa mmoja wa Kijerumani alivukia hapa mwaka 1894 akiingia Rwanda. Mwaka 1972 likajengwa daraja, jembamba, magari yanapita kwa zamu.

Daraja hilo jembamba ndilo lililopitisha watu wa Aprili 1994. Tarehe 28 na 29, ndani ya takribani saa 24, wanakadiriwa kufika 250,000. Godoro kichwani, mtoto mgongoni. Wakapelekwa Benaco, palipopewa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa ikijenga barabara. (Benaco ni jina la kale la Ziwa Garda huko Italia. Jina la ziwa, kwenye vilima vya vumbi!) Waliokimbia vita na waliokuwa wameua wenzao walipanga foleni moja ya mahindi.

Na chini ya daraja? Mto uliokosa meli ulikuwa unabeba maiti. Hizo hazikuhitaji lango. Zilishuka na maporomoko, zikapita Kyaka, zikaingia ziwani. Wavuvi wa Kasensero, Uganda, waliziopoa na kuzizika, na kando ya ziwa watu wengi wakaacha kula samaki.

Wakimbizi wale walirudishwa kwao Desemba 1996. Daraja jipya, kwa msaada wa Japani, lilikamilika 2014, na maporomoko sasa yana mitambo ya megawati 80 inayogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Meli bado hakuna. Na siku hizi ukimtajia dereva wa lori Benaco, anachowaza ni chai ya moto na mahali pa kulala kabla ya mpaka.