Wimbo wa Taifa, Mwanariadha na Askari Mkongwe

Wimbo wa taifa ni maneno machache na sauti fupi, walakini watu wausikiapo husimama wima, huvua kofia na hunyamaza. Hawasimami kwa ajili ya sauti. Husimama kwa ajili ya nchi na ya wale waliotangulia, hasa waliopigana na kufa chini ya bendera. Ndiyo sababu mwanariadha akikataa kusimama kama wengine, aghalabu shutuma ya kwanza kumpata huwa kwamba amewatukana askari. Shutuma hiyo ni nzito, na neno zito hupimwa kabla ya kuaminiwa. Mizani ya kulipimia tunayo katika historia, na sehemu yake kubwa imo humu humu katika Bonde la Ufa.

Tarehe 7 Septemba 1972, katika Michezo ya Olimpiki mjini Munich, Ujerumani, Julius Sang, mzaliwa wa Kapsabet, alipanda jukwaa la washindi kupokea medali ya shaba ya mbio za mita 400. Waliomshinda walikuwa Wamarekani weusi wawili, Vincent Matthews na Wayne Collett. Wimbo wa Marekani ulipopigwa, wawili hao hawakusimama kikakamavu. Walisimama pamoja kwenye ngazi ya juu, wakazungumza, wala hawakuielekea bendera. Watazamaji wakawazomea. Ilikuwa siku ya huzuni pia, kwa maana siku mbili kabla yake wanamichezo na walimu wa Israeli walishambuliwa na watu wenye silaha, na 11 kati yao wakauawa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliwafukuza Matthews na Collett, wasishiriki tena michezo hiyo maisha yao yote.

Adhabu hiyo iliigusa Kenya. Marekani ilipungukiwa na wakimbiaji, ikashindwa kuweka watu wanne katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Tarehe 10 Septemba Charles Asati, Hezekiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang walikimbia kwa dakika 2 na sekunde 59.8, wakaipatia Kenya dhahabu. Ushindi wao ulikuwa wa halali, tena wa watu waliojulikana. Kenya ilikuwa ya pili katika mbio hizo hizo mjini Mexico mwaka 1968. Lakini mtu mwadilifu hasimulii ushindi huo akaficha habari ya waliofungiwa nje. Kifungo cha Matthews kiliondolewa mwaka 2022, baada ya miaka 50. Collett hakuiona siku hiyo; alikwisha kufa mwaka 2010.

Mfano wa tendo lao ulikuwa Mexico. Tarehe 16 Oktoba 1968, siku ile ile Amos Biwott na Benjamin Kogo wa Kenya walipokuwa wa kwanza na wa pili katika mbio za kuruka viunzi na maji, Tommie Smith na John Carlos wa Marekani walipanda jukwaani bila viatu. Wimbo ulipopigwa waliinamisha vichwa, wakainua juu ngumi zilizovikwa glavu nyeusi. Miguu bila viatu ilikuwa ishara ya umaskini wa watu weusi wa nchi yao. Hawakupiga mtu wala hawakuchana bendera. Hata hivyo walitolewa katika timu na kurudishwa kwao.

Wako wasemao kwamba uwanja wa michezo si mahali pa malalamiko. Wakenya hatuwezi kusema hivyo kwa urahisi. Mwaka 1976 Kenya na nchi nyingine nyingi za Afrika zilikataa kushiriki michezo ya Montreal, kwa sababu New Zealand ilipeleka timu yake ya raga Afrika Kusini, iliyokuwa chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi. Mike Boit, mwana wa Bonde la Ufa aliyepata shaba ya mita 800 mwaka 1972, alikosa nafasi yake katika ubora wa nguvu zake. Kama serikali yaweza kulalamika kwa kutokuwapo, mwanariadha naye aweza kulalamika kwa kuinamisha kichwa. Tofauti ni kwamba yeye husimama peke yake.

Sasa na tuwatazame askari wenyewe. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, serikali ya kikoloni ilianza mwaka 1919 mpango wa kuwagawia mashamba askari wa Kizungu waliotoka vitani. Mashamba hayo yalikuwa katika nyanda za juu, na baadhi yake yalikatwa katika nchi ya Wanandi. Waafrika walikuwa wamepigana vita hivyo hivyo, na makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa maradhi, njaa na mizigo. Hao hawakuwamo katika mgawo. Jina la Kariokor mjini Nairobi ni ukumbusho wa jeshi hilo la wapagazi. Waliorudi hai walikuja kuvikwa kipande shingoni.

Katika Vita Kuu ya pili askari wa Keya walipelekwa Burma. Walipita bonde la Kabaw katika mvua na homa, wakafika Kalewa kando ya mto Chindwin mnamo Desemba 1944. Vita vilipokwisha, kiinua mgongo kilipimwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu aliweza kulipwa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Na wimbo wa Mfalme haukukosa kupigwa. Askari wa Keya waliusimamia kikakamavu, na maofisa wao pia. Basi ni nani aliyemtukana askari yule? Si mwanariadha yeyote. Alitukanwa na waliompigia saluti asubuhi, wakampunja jioni.

Hata hivyo si kila lalamiko ni sawa. Tarehe 24 Januari 1964, wiki sita tu baada ya Uhuru, askari wa batalioni ya 11 waliasi katika kambi ya Lanet, karibu na Nakuru. Mishahara yao ilikuwa haba, na maofisa wa Kiingereza walikuwa bado juu yao. Malalamiko yalikuwa na msingi, lakini walalamikaji walikuwa na bunduki, na serikali ikalazimika kuomba majeshi ya Uingereza kuwazima. Lalamiko lenye silaha huwatisha wasio na hatia. Lalamiko la mwanariadha humdhuru yeye mwenyewe kwanza, naye hulilipia kwa mkate wake.

Mwaka 2016 Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, aliketi wakati wa wimbo wa taifa kuupinga uonevu dhidi ya watu weusi. Nate Boyer, aliyekuwa askari wa kikosi maalumu na kupigana Iraq na Afghanistan, alichukizwa. Lakini badala ya kumlaani alimwandikia, wakakutana na kuzungumza. Boyer alimshauri apige goti, kwa maana askari hupiga goti mbele ya kaburi la mwenzao. Tarehe 1 Septemba mchezaji alipiga goti, na askari akasimama wima kando yake, mkono kifuani. Mmoja hakumgeuza mwenziwe, wala mmoja hakumtukana mwenziwe.

Enyi vijana, simameni wima bendera inapopandishwa shuleni, kwani taifa lisiloheshimu alama zake halikawii kujidharau. Lakini jueni kwamba kusimama ni ahadi tu. Askari mkongwe anayengoja malipo yake hashibi kwa ukakamavu wetu wa dakika moja. Mkiona mtu amepiga goti, ulizeni kwanza analalamikia nini. Na mkiona watu wote wamesimama, ulizeni kama deni limelipwa.