Ubaridi wa mtungi: feni ya maji ilikotoka, na kwa nini Goma haiifai sana

Goma – Anayetafuta kitu cha kupoza nyumba hukutana na mashine mbili zenye sura zinazokaribiana. Ya kwanza ni kiyoyozi cha gesi, chenye kompresa, kinachokula umeme mwingi. Ya pili ni feni yenye tangi la maji. Maji hulowesha pedi, feni huvuta hewa ipite kwenye pedi hiyo, na upepo unaotoka huwa na ubaridi kuliko ulioingia. Hii ya pili ni rahisi kwa bei na inataka umeme wa feni na pampu ndogo tu. Katika mji ambao umeme huenda na kurudi, si ajabu ikivutia watu. Ila mashine hii ilizaliwa katika nchi kavu, na kila ilipopelekwa kwenye hewa yenye maji mengi ilishindwa.

Babu yake ni mtungi. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo visivyoonekana. Maji hupenya hadi nje, hukauka, na yanapokauka huondoka na joto. Lita moja ya maji ikikauka yote hubeba joto la karibu kilojuli 2,400, yaani zaidi ya mara saba ya joto linalohitajika kuichemsha lita hiyo hiyo. Hakuna siri nyingine, na mashine zote zilizofuata zinafanya kazi hiyo hiyo ya mtungi.

Huku Kivu, kama Rwanda na Burundi, vyungu na mitungi vilikuwa kazi iliyojulikana sana ya Batwa. Wazee wanaikumbuka ladha ya maji ya mtungini. Kisha zikaja sufuria, ndoo za plastiki na bido la njano la lita 20. Bido halivunjiki, hufungika vizuri na hukaa imara juu ya chukudu. Kwa kuchota na kusafirisha maji limeushinda mtungi kwa haki. Lakini plastiki haipitishi maji, kwa hiyo haipozi kitu. Maji yaliyoachwa juani ndani ya bido hunywewa yakiwa vuguvugu.

Oman, ambako Waswahili wengi wana ndugu, watu walining'iniza mtungi unaoitwa jahla mahali panapopita upepo. Mji wa Bahla, ndani ya nchi, una sifa ya ufinyanzi hadi leo. Mtungi huo huo ukipelekwa Muscat, pwani, wakati wa joto la unyevu, hupoza kidogo kuliko ukiwa Bahla kwenye hewa kavu. Udongo haujabadilika, hewa ndiyo imekwisha kushiba maji.

India walikwenda hatua nyingine: badala ya kupoza maji ya kunywa, wakapoza chumba. Walisuka mapazia ya mizizi ya nyasi yenye harufu nzuri, wakayatundika milangoni, na watumishi wakayamwagia maji mchana kutwa. Upepo wa moto uliopita humo uliingia ndani ukiwa umepoa. Ukiondoa umeme, hiyo ndiyo feni ya maji ya leo, na kilichosahaulika kwenye hadithi ni kwamba ilimhitaji mtu wa kumwaga maji.

Katika jangwa la Arizona, Marekani, watu walikuwa wakilala nje huku wametundika mashuka yaliyoloweshwa. Katika miaka ya 1930 masanduku yenye feni na pedi za nyuzi za mbao yalienea Phoenix na Tucson. Huko kazi yalifanya. Mchana wa nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 15, mashine nzuri huweza kuishusha hewa hadi karibu nyuzi 25. Lakini kila mwaka, mvua za Julai na Agosti zilipofika, hewa ikajaa unyevu na masanduku yale yakawa yanapuliza hewa nzito isiyoburudisha. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wengi waliokuwa na uwezo wakahamia kiyoyozi cha gesi. Mashine hiyo nyingine, iliyobuniwa na Willis Carrier mwaka 1902 kwa kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, haikulenga kwanza kuwaburudisha watu. Ililenga kuondoa unyevu uliokuwa ukiharibu karatasi. Kwa hiyo mashine mbili zinazowekwa dukani bega kwa bega zina tabia zinazopingana: moja hutoa maji hewani, nyingine huyatia.

Sasa Goma. Mji uko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, ukingoni mwa Ziwa Kivu, na mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka. Chukua mchana wa nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60. Hata maji yakauke vipi, hewa hiyo haiwezi kushuka chini ya nyuzi 19 hivi, na mashine ya kawaida itaishia karibu na 21. Usiku wa nyuzi 17, hewa ikiwa karibu imeshiba, mashine itashusha nyuzi moja kama itashusha, na kitakachoongezeka ni unyevu kwenye blanketi na ukungu kwenye mbao za ukuta. Mwenye kuitumia ndani ya chumba kilichofungwa anajidhuru zaidi. Feni ya maji inadai dirisha wazi, kinyume cha kiyoyozi cha gesi. Wakati inapoweza kusaidia kidogo ni saa za mchana za kiangazi, Juni hadi Agosti. Tangi lake pia linataka kusafishwa na maji yake kubadilishwa, kwa kuwa maji yaliyolala huzalisha uchafu unaopulizwa puani.

Halafu kuna maji yenyewe. Goma ni mji ambako Julai 1994, katika mwezi mmoja, karibu wakimbizi 50,000 kutoka Rwanda walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuharisha damu. Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, lava iliharibu mabomba na tangi la maji, na mitaa mingi ikabaki na bido. Familia inayolipia kila bido haina sababu ya kuyapeperusha maji hewani kwa ajili ya nyuzi nne.

Joto linaloumiza watu hapa kwa kawaida si la hewa. Ni la jua linalopiga bati, au shitingi. Waliokaa Bulengo, Lushagala au Kanyaruchinya, kabla kambi hizo hazijavunjwa mwanzoni mwa 2025, wanajua kibanda cha shitingi kinavyokuwa saa saba mchana, wakati nje chini ya mti kuna ubaridi mzuri. Dawa yake ni kivuli: kipande cha pili cha shitingi au turubai juu ya kile cha kwanza, pakiachwa nafasi ya kupita upepo, na matundu mawili yanayotazamana. Kwenye nyumba ya mabati, dari hufanya kazi kubwa kuliko feni.

Lakini mtungi wenyewe haujaisha kazi. Mwaka 1995 Mohammed Bah Abba, mwalimu wa kaskazini mwa Nigeria, alianza kujaribu chungu kimoja ndani ya kingine, mchanga uliolowa katikati na kitambaa chenye maji juu. Biringanya zilizokuwa zikiharibika kwa siku tatu zilikaa siku 27. Alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000, na vyungu vyake viliwasaidia wakulima wasio na umeme. Kenya, wakulima wamejenga vibanda vya kuta za waya mbili zilizojazwa makala yanayoloweshwa, kwa ajili ya mboga na maziwa.

Kwa Goma siku 27 ni nyingi mno kutarajia, kwa sababu ile ile ya unyevu. Hata hivyo mwanamke anayeuza lenga-lenga na nyanya, ambaye jioni hurudi na alizokosa mnunuzi, anaweza kuokoa sehemu yake kwa vyungu viwili, mchanga mweusi wa hapa na maji kidogo, mahali penye kivuli na upepo. Maji ya kulowesha mchanga si lazima yawe ya kunywa, mradi yasiguse mboga. Sambaza mbichi na nyama zisiwekwe humo. Chungu hakifikii ubaridi wa friji, na samaki hataonyesha kwa macho kwamba ameanza kuharibika.