Dirii za Plastiki, Ngozi za Simba: Historia ya Wasio na Majina Ndani ya Vazi

Wadau wa muvi, tuanze na hili. Lile jeshi jeupe la kwenye Star Wars, linalotembea kwa mstari na kurusha risasi za mwanga zisizompata mtu, halijavaa chuma. Wengi waliokulia kwenye vibanda umiza, kuanzia Singida mjini mpaka Manyoni na Kiomboi, waliamini ni chuma, au basi ni kitu cha kiwanda cha siri huko Marekani. Kumbe ni plastiki nyembamba, na helmeti zake zilitoka kwenye karakana ya fundi mmoja pale Twickenham, magharibi mwa London, mwaka 1976.

Fundi huyo anaitwa Andrew Ainsworth. Alichora mwingine, Ralph McQuarrie. Akafinyanga umbo mwingine, Nick Pemberton. Ainsworth yeye akalifanya livalike. Njia yenyewe ukiielewa utacheka: shiti ya plastiki inapashwa moto mpaka inalegea kama chapati, inalazwa juu ya umbo, halafu hewa inanyonywa kwa chini na plastiki inajikamata kwenye kila kona. Ikipoa, unakata pembeni. Kwa mtindo huo zikatoka helmeti 50 za muvi. Waliozivaa wakalalamika hawaoni mbele, na kwenye muvi yenyewe, iliyotoka Mei 1977, kuna askari anagonga kichwa kwenye mlango. Kipande hicho hakikukatwa. Kipo mpaka leo, kaangalie.

Waliosoma Biblia watakumbuka Daudi alivyovalishwa dirii na chapeo ya Sauli akashindwa hata kutembea, akavivua. Vazi la vita lisilo na vipimo vyako ni mzigo tu. Na humo ndani ya vazi jeupe walikuwa watu wa kawaida, wengi wao hawakutajwa kabisa mwisho wa muvi. Hata kwenye hadithi wenyewe hawana majina, wana namba.

Miaka mingi baadaye Ainsworth akaanza kuuza helmeti kama zile kwa mashabiki. Kampuni ya Lucasfilm ikampeleka mahakamani Marekani, ikapewa ushindi wa dola milioni 20, lakini jamaa yuko Uingereza, utamkamataje? Wakamfuata kwao. Kesi ikapanda ngazi mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza, na tarehe 27 Julai 2011 hukumu ikatoka. Swali kubwa la majaji lilikuwa moja tu, tena la ajabu: je, helmeti ya muvi ni sanamu? Ingekuwa sanamu, hakimiliki yake ingedumu maisha ya msanii na miaka mingine 70. Majaji wakasema hapana, hiyo ni kifaa cha kutengenezea muvi, kama nguo nyingine. Kwa hiyo fundi akaruhusiwa kuendelea kuuza Uingereza, ila kwa zile alizouza Marekani akabaki na deni la kujibu. Ukiangalia vizuri, ugomvi ulikuwa ni nani mwenye vazi: aliyelibuni, aliyelifyatua, au aliyelilipia. Mvaaji hakutajwa.

Sasa wengine watasema mambo haya ya kuvaa kama mtu wa anga yameanza na Star Wars. Si kweli. Mwezi Julai 1939, New York ilipofanya mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za sayansi, walitokea watu wawili wamevaa nguo za mtu wa miaka ijayo. Mwanaume, Forrest Ackerman, ndiye aliyekuja kusifiwa kwa miaka mingi kama baba wa mchezo huu. Lakini aliyekaa akashona mavazi yote mawili ni mwanamke aliyeingia naye, Myrtle Douglas, ambaye wenzake walimwita Morojo. Alifariki 1964, na kwa muda mrefu jina lake likawa linatajwa pembeni, kama mtu aliyesindikiza. Kina dada mnaoshonea watu sare za harusi halafu anasifiwa bibi harusi, hii mnaielewa bila kuelezwa. Lile neno la Kijapani lenyewe, kosupure, ambalo dunia sasa inaliita kosplei, lilikuja kuenea miaka ya 1980.

Kilichobadilisha kila kitu ni pale mashabiki walipoacha kununua wakaanza kutengeneza. Mwaka 1997, jimbo la South Carolina, kijana anayeitwa Albin Johnson pamoja na rafiki yake Tom Crews walianzisha kikundi cha watu wenye vazi jeupe, wakakiita Legioni ya 501. Johnson alikuwa amepoteza mguu kwenye ajali ya gari. Ukivaa ile dirii hakuna anayejua mguu upi ni wa bandia. Leo kikundi kina watu zaidi ya 10,000 nchi mbalimbali, kila mmoja na namba yake ya askari, na kazi yao kubwa ni kutembelea watoto wagonjwa na kuchangisha fedha. Binti wa Johnson, Katie, alipopata saratani ya ubongo, mashabiki wakamtengenezea roboti la rangi ya pinki la kumlinda, likapewa jina R2-KT. Katie alifariki Agosti 2005. Roboti bado linazunguka hospitalini, na mwaka 2015 lilionekana kidogo kwenye muvi ya Star Wars yenyewe.

Tukija kwenye ufundi, plastiki ya kufyatua inataka mashine na oveni kubwa, na si kila nyumba inayo. Mashabiki wa gemu ya Halo, iliyotoka 2001 ikiwa na yule askari wa dirii ya kijani, wakatafuta njia ya bei chee. Kwanza ilikuwa karatasi: programu ya Kijapani inaitwa Pepakura inalifungua umbo la kompyuta likawa vipande bapa, unachapa, unakunja, unagundisha, halafu unapaka rezini ili pawe pagumu. Dirii ya karatasi, yani. Ubaya wake ni moshi wa rezini, ule si wa kuvutwa ndani ya chumba.

Halafu ikaja sponji ya EVA, na hapo ndo mlango ukafunguka kwa kila mtu. EVA ni nini? Angalia chini ya mguu wako. Ndala nyingi nyepesi za kisasa ni hiyohiyo, na ile mikeka ya rangi rangi ya kuunganishwa ambayo watoto wanachezea sakafuni ni hiyohiyo, unene wa milimita 10 hivi. Mtu anajizungushia mwili mfuko wa nailoni, anabandikwa selotepu juu yake, anachorwa mistari ya kifua, bega na paja, kisha inakatwa kwa uangalifu, na hapo kila kipande kinakuwa patani yake mwenyewe, si ya Sauli. Sponji inakatwa kwa kisu chenye makali mapya (kisu butu kinanyofoa), inapashwa moto ikunjwe, na ikipoa inabaki vilevile. Gundi yake ni ile ya mafundi viatu, na sheria yake fundi viatu yeyote wa stendi anaijua: paka pande zote mbili, acha ikauke mpaka isinate kidoleni, ndipo ugandamize, maana ikishika haiachii. Kabla ya rangi unapaka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na maji, la sivyo sponji inakunywa rangi yote. Mikanda ni lastiki na begi la zamani. Kazi hii yote ifanyiwe uani, na upepo wa Singida unasaidia kupeleka harufu ya gundi mbali.

Afrika Mashariki haijalala pia. Nairobi wana tamasha la NAICCON ambako watu wanashindana kwa mavazi kama haya. Kampala, kwenye mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana na wenzake walitengeneza muvi ya Who Killed Captain Alex? iliyotoka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, na bunduki zake zilichomelewa na Dauda Bisaso kutoka kwenye vyuma chakavu. Watu wa kibanda umiza wanaelewa: risasi ni za kompyuta, lakini bunduki imeshikwa na mkono wa kweli, na ndiyo maana inaaminika. Black Panther ya 2018, yenye mavazi yaliyompa Ruth Carter tuzo ya Oscar, nayo ilichota mengi kwetu, pamoja na wekundu na shanga za Kimaasai. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na hela.

Lakini mwenye vazi zito kuliko wote yuko Kinshasa. Mwaka 2013 Michel Ekeba na Eléonore Hellio walianzisha kundi linaitwa Kongo Astronauts. Ekeba anavaa suti ya mwanaanga iliyojaa taka za umeme, zile bodi za kijani zinazotoka ndani ya redio, kompyuta na simu zilizokufa, halafu anatembea nayo barabarani, kwenye jua na msongamano. Hakuna roketi. Sasa fikiria safari ya kile kifaa. Koltani inachimbwa Kivu, huku jirani, kwa jasho na mara nyingi kwa damu. Inapelekwa ng'ambo, inakuwa simu, simu inatumika, inachoka, na takataka zake zinarudi Afrika kutupwa. Ekeba anaziokota anazivaa. Ukimtazama humuoni uso, unajiona mwenyewe kwenye kioo cha helmeti yake. Ikilinganishwa na zile dirii nyeupe za London, hii ndiyo iliyolipiwa bei kubwa zaidi, japo malighafi yake iliokotwa jalalani.

Na Singida je? Hapa ndipo historia inapokuwa nzito, maana mkoa huu una kumbukumbu yake ya mtu kujificha ndani ya vazi, na si kumbukumbu ya kufurahisha. Miaka ya 1946 na 1947, enzi za Mwingereza, maiti zilikuwa zinaokotwa wilaya ya Singida zikiwa na majeraha kama ya kucha. Mwanzoni ikasemwa ni simba. Baadaye ikaanza kusemwa ni watu: watu waliovaa ngozi za simba na kutumia kucha za kutengeneza. Wanyaturu wana neno lao, mbojo. Watu wakakamatwa, kesi zikaenda mahakamani, wapo waliohukumiwa kifo. Hofu ilikuwa kubwa kiasi kwamba jirani alimwogopa jirani kuliko mnyama. Harold Schneider, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi na Wanyaturu 1959 hadi 1960, aliipitia upya habari hiyo na kuiandika mwaka 1962 kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records, kwa sababu maelezo ya maofisa wa kikoloni hayakutosha kufunga mjadala.

Mtaani leo wazee wanasema "watu-simba", basi. Humsikii mtu akitaja jina la aliyekuwa ndani ya ngozi, wala la aliyeuawa. Linganisha na Liti, mwanamama wa Kinyaturu ambaye masimulizi yanasema aliwapiga Wajerumani kwa kutumia nyuki. Yeye hakuficha uso, na jina lake liko kwenye uwanja wa mpira, ule uliokuwa ukiitwa Namfua. Kila timu ikicheza hapo, anatajwa.

Kwa hiyo kijana wa Singida anayekata mikeka ya sponji chumbani kwake hafanyi kitu kilekile anachofanya mwenzake wa London. Kule mtu akikutana na askari mweupe barabarani anatoa simu apige picha. Huku, ukitoka Unyambwa au Ilongero saa moja jioni ukiwa umevaa kichwa kisicho na uso, bibi anayerudi kisimani hatatoa simu. Ana sababu zake, na ni sababu za kwenye ukoo, hakuzipata kwenye muvi. Atapiga yowe, na yowe likipigwa kijijini wanaume wanatoka na fimbo kwanza, maswali baadaye. Hilo si la kuchekea, maana sponji ya milimita 10 haizuii rungu.

Wenye uzoefu wa mavazi haya, popote duniani, wana utaratibu unaofaa hapa kuliko hata kwao: anayevaa haendi peke yake. Anakuwa na msindikizaji asiyevaa chochote cha ajabu, anayemshika mkono kwenye ngazi kwa kuwa haoni chini, anayembebea maji kwa kuwa ndani kuna joto kali, na anayewaambia watu kwamba huyu ni fulani, mtoto wa fulani. Kiwiliwili kinaweza kuvaliwa toka nyumbani. Helmeti inabebwa mkononi mpaka ukumbini, kama bodaboda anavyobeba ya abiria.