Mzee Mwenye Wake Wawili Mlangoni mwa Kanisa

Sogeeni karibu na redio, na ukurasa huu uwe mbele yenu. Leo tunasoma habari za Magole na milima ya Ukaguru. Swali letu ni moja: mzee mwenye wake wawili alipotaka kubatizwa, ilikuwaje?

Magole iko bondeni, katika Wilaya ya Kilosa, kando ya barabara itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Ukipanda milima ya upande wa magharibi utafika Mamboya. Zamani njia ya misafara ya pwani ilipita hapo, na hapo wamisionari Waingereza wa C.M.S. walifungua kituo mwaka 1880 hivi. Mmoja wao, J. T. Last, alijifunza Kikaguru, akaandika kitabu cha sarufi yake kilichopigwa chapa mwaka 1886. Baadaye misheni ilienea hata Berega.

Wamisionari hao waliwakuta watu wenye taratibu zao. Mkaguru huhesabu ukoo kwa mama, na mjomba ana neno kubwa. Sherehe za jamaa zilikuwa mikononi mwa wazee: kumcheza mwali, kuoza binti, kumaliza matanga, kufagia makaburi na kutambika kwa pombe na unga. Mtu alipozeeka hakuondoka katika sherehe, alisogea mbele.

Mzee kuwa na wake wawili halikuwa jambo la ajabu. Pengine mke wa pili alikuwa mjane wa ndugu yake, aliyekosa mtu wa kumtunza. Kila mke alikuwa na nyumba yake na shamba lake.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana kutoka nchi nyingi walikutana Lambeth, mjini London. Wakakata shauri kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Afundishwe tu, angoje mpaka aweze kuifuata sheria ya Kikristo ya ndoa. Lakini wake zake waliweza kubatizwa mahali pengine, wakubwa wa kanisa la mahali hapo wakikubali.

Fikirini maana yake nyumbani. Bibi anabatizwa, anapewa jina jipya. Wajukuu wanabatizwa. Babu, aliyezoea kutangulia katika kila sherehe, sasa anakaa nyuma, na Meza ya Bwana haikaribii. Sikukuu ya Krismasi anatoa mbuzi wake, watu wanakula, lakini yeye bado ni mwanafunzi.

Ili aingie, ilimpasa kumwacha mmoja. Yupi? Mama wa watoto wake wakubwa, au yule mdogo mwenye nguvu bado za kuteka maji? Mke aliyeachwa alirudi kwa ukoo wa mama yake. Kama kaka zake walikuwa hai, alipata mahali pa kulima. Kama wamekufa, alikwenda kukaa kwa mtoto wake. Wamisionari walisema wanamlinda mwanamke, na ni kweli kwamba wako wasichana waliookoka kuozwa kwa wazee. Lakini bibi wa miaka 60 aliyetolewa katika nyumba yake, mimi sioni alilindwa na nini.

Wazee wengine walichagua kungoja. Mke mmoja alipofariki, ndipo walipobatizwa. Wengine walibatizwa kitandani, kufa kumekaribia. Wengine wakabaki na mila zao. Na msikitini hapakuwa na mlango wa namna hiyo, kwa maana Uislamu huruhusu wake mpaka wanne kwa sharti la kuwatendea haki sawa.

Miaka ikapita. Nchi ikapata uhuru mwaka 1961. Mwaka 1965 Dayosisi ya Kianglikana ya Morogoro ikaanzishwa, na askofu wake wa kwanza, Gresford Chitemo, alikuwa Mwafrika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ikaitambua ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi pia.

Mwaka 1988 maaskofu walikutana tena. Safari hii walikubali kwamba mwanamume mwenye wake wengi aweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wake walioamini. Aahidi kutooa mwingine maadamu wake zake wa hai, na Wakristo wa mahali pake wakubali kumpokea. Tena asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya taabu itakayompata mwanamke huyo. Toeni 1888 katika 1988. Inabaki miaka 100. Wazee waliokuwa wakingoja wakati ule walikuwa makaburini zamani.

Siku hizi iko sherehe nyingine inayopendeza. Mume na mke waliooana kimila wakiwa vijana huja kanisani uzeeni, ndoa yao ibarikiwe. Bibi arusi ana mvi, wajukuu ndio wanaomshikia maua. Na kwa kuwa kwa Wakaguru mjukuu na babu ni watani, siku hiyo babu hasalimiki: ataambiwa amewaibia mke wao. Vigelegele, ngoma, na chakula kwa wote.

Mwalimu, sasa zima redio. Darasa lizungumze jambo hili, na wazee waanze kusema: mke aliyeachwa ili mumewe abatizwe, shamba alilolilima miaka 30 lilikuwa la nani?