Jinsi ya kuchagua maua ya vyunguni yasiyohitaji kazi nyingi

WAKAZI wengi wa miji nchini huishi katika nyumba za ghorofa ambamo roshani ndiyo bustani ya pekee. Hutoka alfajiri na kurejea usiku, na katika mitaa kadhaa maji ya mfereji huja kwa zamu. Kwa watu kama hao, uteuzi unaofanywa kitaluni ndio huamua iwapo ua litanawiri au litanyauka.

Kabla ya kununua, chunguza mahali utakapoliweka. Roshani inayopigwa na jua kwa saa sita au zaidi kwa siku hufaa mimea inayostahimili ukavu.

Mimea ya juani

Bogenvilia, ambayo asili yake ni Amerika Kusini, huchanua vizuri udongo unapoachwa ukauke kidogo. Ikimwagiliwa kila siku, huzaa majani tupu. Ipande katika chungu kikubwa na uipogoe kila inapomaliza kuchanua.

Vinka, iliyotoka Madagaska, huvumilia joto la Mombasa na Kisumu na huchanua karibu mwaka mzima. Jerania, ambayo asili yake ni Afrika Kusini, hupendelea baridi ya nyanda za juu kama vile Nairobi, Nakuru na Eldoret. Aina yake inayotambaa hupendeza sana katika kikapu cha kuning'inia. Vilevile, potulaka huhifadhi maji katika majani yake manene na hufungua maua jua linapowaka.

Adeniamu humea yenyewe katika sehemu kame za Kenya. Shina lake nene ni ghala la maji, na mwenyewe anaweza kusafiri kwa wiki nzima bila wasiwasi.

Kivulini, impatiensi ya Afrika Mashariki huchanua kwa wingi. Hata hivyo, hunyauka upesi ikikosa maji, hivyo inamfaa yule anayeshinda nyumbani.

Chombo na udongo

Chombo chochote kinafaa, hata debe kuukuu, mradi kiwe na matundu chini. Mimea mingi ya vyunguni huoza mizizi kwa kuzidishiwa maji. Changanya udongo, samadi iliyooza na mchanga kiasi ili maji yapite. Chungu cha udongo hupoteza maji kupitia kuta zake, ilhali cha plastiki hukaa na unyevu kwa muda mrefu zaidi.

Kikapu cha kuning'inia hukauka haraka kwa kuwa upepo hukizunguka pande zote. Aidha, ni kizito: chenye ujazo wa lita 10 kinaweza kupita kilo 10 kikilowa. Hakikisha kulabu imeshikwa imara, na usikitundike juu ya njia wapitapo watu.

Ili kujua wakati wa kumwagilia, ingiza kidole udongoni hadi pingili ya kwanza. Ukihisi unyevu, subiri. Maji yaliyooshea mboga au mchele yanafaa kutumiwa tena, lakini yenye sabuni nyingi au dawa ya kung'arisha nguo hayafai.

Tahadhari

Utomvu wa adeniamu ni sumu, na baadhi ya jamii ziliutumia kupaka mishale. Vinka nayo hutoa kemikali zinazotumiwa kutengeneza dawa za saratani, lakini mmea wenyewe ni hatari ukiliwa. Penye watoto wachanga au mifugo, weka mimea hii mbali.

Hatari nyingine ni kisahani kinachowekwa chini ya chungu. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue na chikungunya, hutaga mayai katika maji yaliyotuama, hata yakiwa kidogo. Mombasa ilikumbwa na mkurupuko wa dengue mwaka 2013, kisha chikungunya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Mwaga maji ya kisahani na kukisugua angalau mara moja kwa wiki, au ukijaze mchanga.