Treetops haikuwa ya malkia peke yake

Malkia Elizabeth alipofariki Septemba 2022, simu yangu ilijaa stori moja tu. Ati usiku ambao babake alifariki kule Uingereza, yeye alikuwa juu ya mti huku kwetu Nyeri, kwa hoteli inaitwa Treetops. Wasee wa mtaa wakaituma kila group, kama kitu ya kujivunia.

Stori ni ya kweli. Shida ni kwamba imekatwa nusu, na ile nusu iliyokatwa inatuhusu sisi watu wa Eastlands kuliko vile tunavyodhani.

Tuanze mwanzo. Mwaka wa 1932, Mwingereza mmoja kwa jina Eric Sherbrooke Walker, mwenye hoteli ya Outspan mjini Nyeri, alijenga kijumba cha vyumba viwili juu ya mti wa mugumo, ndani ya msitu wa Aberdare. Chini ya mti kulikuwa na kidimbwi ambapo ndovu, nyati na vifaru walikuja kunywa maji. Haikuwa hoteli ya kulala siku yoyote unayotaka. Mwanzoni wageni wa Outspan walipelekwa usiku wa mbalamwezi pekee, maana bila mwezi hungeona mnyama. Walisindikizwa na mtu mwenye bunduki, wakapanda ngazi, wakakesha kimya kimya.

Sasa hebu iangalie kwa jicho la mwenyeji. Mugumo kwa Mkikuyu si mti wa kawaida. Chini yake wazee waliomba na kutoa sadaka. Milima yenyewe waliiita Nyandarua. Lakini enzi hizo ardhi nyingi nzuri ilikuwa mikononi mwa walowezi, na Mwafrika hangepanda ule mti kama mgeni. Kijana wa Nyeri akikosa shamba, alishuka Nairobi kutafuta kazi, kipande kikining'inia shingoni. Na Nairobi alipewa kulala wapi? Huku kwetu. Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni na baadaye Bahati, hii mitaa yote ilijaa watu wa aina hiyo.

Ndio maana mlima na mtaa havikuwa vitu viwili tofauti.

Elizabeth alilala Treetops usiku wa Februari 5, 1952, akiwa na miaka 25. Oktoba 20 mwaka huo huo, serikali ya mkoloni ikatangaza hali ya hatari. Wapiganaji wa Mau Mau wakaingia msituni Nyandarua na Mlima Kenya. Msitu wa wageni wa mbalamwezi ukawa eneo la marufuku, ndege za Waingereza zikidondosha mabomu humo.

Lakini mpiganaji wa msituni anakula nini? Anatibiwa na nini? Risasi anatoa wapi? Sehemu kubwa ilitoka Nairobi. Watu wa hii mitaa walichanga pesa, wakatafuta dawa na risasi, wakatuma vijana. Mkoloni alijua. Aprili 24, 1954, akauzingira mji wote kwa msako ulioitwa Operation Anvil. Askari waliingia mitaani mlango kwa mlango. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia kichwani, matundu mawili tu ya macho. Gunia likitikisa kichwa, umeenda. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa kambini, Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Familia nyingi hapa Eastlands zilibaki bila baba kwa miaka.

Mwezi mmoja na siku tatu baadaye, Mei 27, 1954, wapiganaji walichoma Treetops. Ikaisha. Wakati huo haikuwa hoteli tena, wanajeshi wa King's African Rifles walikuwa wakiitumia kama kituo cha kuchungulia msitu. Sisemi walichoma kwa sababu ya Anvil. Nasema ni vita moja, na mtaa wetu na ule mti vyote vilikuwa ndani yake.

Mwaka wa 1957 hoteli ilijengwa upya, kubwa zaidi, ng'ambo ya kile kidimbwi. Mwaka huo huo, Februari 18, Dedan Kimathi, mtoto wa Nyeri, alinyongwa Kamiti. Elizabeth alirudi Treetops mwaka wa 1983 kuitembelea tena. Kimathi hata kaburi lake familia bado inalitafuta.

Kuna mtu ataniambia, wacha siasa, ile ni biashara ya watalii na imelisha watu wa Nyeri. Ni kweli, kazi ilileta, na sina shida na msee kwenda kuona ndovu. Shida yangu ni vile tunasimuliana. Mgeni aliyelala usiku mmoja tunamjua kwa jina, tarehe na hadi umri. Waliozaliwa chini ya ule mlima, na waliokamatwa kwa milango ya nyumba ambazo bado tunaishi, tunawaita tu "watu wa zamani."

Na muda unaisha, bana. Aliyekuwa na miaka kumi wakati wa Anvil sasa amepita themanini. Kama uko na shosho au guka hapo Bahati, Makongeni ama Kaloleni, keti naye hii wikendi. Usianze na maswali ya vita. Muulize tu: Aprili 1954 mlikuwa mnaishi wapi? Halafu nyamaza, umskize. Washa simu urekodi, kama atakubali.

Siku ingine mtu akikutumia ile stori ya malkia na mti, uwe na nusu yako ya kumjibu.